Kubadilishana au kuomba mwenyewe: njia mbili za kusoma nje kwa kijana wa Mwanza

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Watoto wa majirani hapa Kirumba, wadogo wa marafiki, hata wazazi wenyewe, wote wana swali moja: "Dada, na sisi tunaendaje kusoma nje?" Wananiuliza mimi kwa sababu nilikaa semesta moja Ujerumani nikiwa mwanafunzi wa chuo hapa hapa Mwanza, na mdogo wangu naye akasoma nje digrii nzima kwa njia tofauti kabisa. Sisi ni watoto wa nyumba moja, wa mama mmoja anayeuza dagaa soko la Mwaloni. Hesabu za njia zote mbili nimeziona zikipigwa juu ya meza ileile ya sebuleni, kwa kalamu ileile.

Njia yangu inaitwa kubadilishana wanafunzi. Unabaki mwanafunzi wa chuo chako cha nyumbani. Chuo hicho kina mkataba na chuo cha nje, kinakupeleka kwa semesta moja au mwaka, kisha unarudi kumalizia digrii yako hapa. Njia ya mdogo wangu ni kuomba moja kwa moja: unatuma maombi mwenyewe kwenye chuo cha nje, unadahiliwa kama mwanafunzi wao, unasoma mpaka mwisho na cheti kinatoka kwao. Ipo na ya katikati, kwenda semesta moja kama mwanafunzi mgeni bila mkataba wowote, ukilipa ada ya huko kutoka mfukoni mwako. Hiyo siipendekezi kwa mtu wa kipato cha kawaida, maana inabeba gharama za njia ya pili na hakuna cheti mwishoni.

Wengi huanza kwa kuniuliza nchi gani ni nzuri. Mimi huwauliza kwanza: umeshaingia chuo, au bado? Kama bado, kubadilishana hakukuhusu kwa sasa. Hakuna mkataba unaomchukua mtu aliyetoka kidato cha sita jana, na vyuo vingi vinataka mwanafunzi mwenye matokeo ya angalau mwaka mmoja. Nimesema hivi kwa wazazi wengi, na baadhi walikuwa wameshatoa pesa kwa mtu aliyewaahidi mtoto "nafasi ya kubadilishana" ilhali mtoto hana chuo.

Nani anasimama nyuma yako

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo, kuliko hata kwenye ada. Anayekwenda kwa kubadilishana anaondoka akiwa na chuo nyuma yake. Mkataba umesainiwa na vyuo viwili, kuna koodineta huku na koodineta kule. Nilipofika Ujerumani mwezi wa Oktoba nilipokewa stesheni na mwanafunzi aliyetumwa na ofisi ya kimataifa, akanipeleka hosteli, kesho yake akanipeleka manispaa kujiandikisha makazi, kwa sababu kule bila karatasi ya makazi hata akaunti ya benki ni shida. Sikuwa nimeomba kitu chochote kati ya hivyo. Vilikuwa sehemu ya mpango.

Mdogo wangu alitafuta chumba Kampala kwa miguu yake, siku tatu, akilala kwa rafiki wa rafiki. Aliyedahiliwa moja kwa moja ni mwanafunzi kama wanafunzi wengine wa chuo kile, na hilo lina uzuri wake: anapiga kura kwenye serikali ya wanafunzi, ana msimamizi wa utafiti anayemjua kwa jina, marafiki zake hawamuulizi anaondoka lini. Ila akikwama hana wa kumpigia simu nyumbani mwenye mamlaka ya kulimaliza. Anayejipeleka inabidi ajibebe.

Kwa upande wa kubadilishana, Mwanza haiko mikono mitupu. Mji wetu na Würzburg ya Ujerumani ni miji dada tangu 1966, na urafiki huo umefika mpaka hospitalini na vyuoni. CUHAS, chuo kikuu cha afya pale Bugando, ina ushirikiano wa miaka mingi na Würzburg, na pia na chuo cha udaktari cha Weill Cornell cha New York. Kama unasoma chuo chochote hapa, iwe Bugando, chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe au kwingine, hatua ya kwanza ni kwenda ofisi inayoshughulika na mahusiano ya kimataifa na kuuliza: tuna mikataba na vyuo gani, kwa fani zipi, na tangazo hutoka mwezi gani? Tangazo mara nyingi hubandikwa ubaoni kwa wiki chache tu, na nafasi ni za kuhesabu kwa vidole. Mimi nililiona langu kwa sababu nilikuwa nimesimama pale nikisubiri kusaini bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo.

Pesa

Kwenye kubadilishana kanuni ni moja: unalipa ada ya nyumbani, chuo cha nje hakikutozi ada. Hicho ndicho kiini cha mkataba. Mikataba mingine inaishia hapo, na nauli, chumba na chakula ni juu yako. Mingine ina ufadhili juu yake. Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya, ndio unaojulikana zaidi. Ulianza 1987 kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya wenyewe, na tangu 2015 unaruhusu kubadilishana na vyuo vya nje ya Ulaya, pamoja na vya kwetu. Katika awamu ya 2021 hadi 2027 mwanafunzi anayetoka huku hupewa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi, kutegemea nchi anayokwenda, na mchango wa nauli. Kukaa huko ni kuanzia miezi 2 hadi 12.

Mwenye mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, anabaki kwenye orodha ya chuo chake, kwa kuwa hajahama. Lakini malipo husainiwa na mnufaika mwenyewe. Pita kwa afisa mikopo kabla hujakata tiketi, mweleze utakuwa wapi na kwa miezi mingapi, na mwachie nakala ya barua ya mkataba. Mkopo huo kwa kawaida haumfuati aliyejiombea chuo cha nje, isipokuwa wachache wanaopitia makubaliano ya serikali na serikali. Kwa hiyo familia inayokwenda njia ya pili ihesabu kwamba bumu halipo.

Njia ya moja kwa moja ina bei tofauti sana kati ya nchi na nchi. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada hata kwa mgeni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linatoza euro 1,500 kwa semesta kwa wasio wa Umoja wa Ulaya. Watu husikia "bure" wakafurahi. Kabla ya viza, ubalozi unataka kuona pesa ya kuishi mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa: tangu 2024 ni euro 11,904, na ukifika unafunguliwa euro 992 kila mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 2,900 kwa euro, hiyo ni zaidi ya milioni 34, mahali pamoja, kabla hujapanda ndege. Kwa anayebadilishana, barua ya ufadhili inahesabika kwenye ushahidi huo, na anaweza kutakiwa kuongeza tofauti tu kama ufadhili uko chini ya kiwango.

Uingereza ndiko mdogo wangu alikojaribu kwanza, na hili nalieleza kwa urefu kwa sababu linagusa nyumba nyingi za huku kwetu. Alikuwa na barua ya chuo mkononi. Sharti la viza lilikuwa kwamba ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza na pesa za kujikimu, hadi miezi 9, zikae benki siku 28 mfululizo, salio lisishuke chini ya kiwango hata siku moja. Mbali na hapo kuna mchango wa matibabu wa pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, unaolipwa wakati wa kuomba, na kipimo cha kifua kikuu kwa anayekwenda zaidi ya miezi 6.

Mama alisikiliza yote, akauliza: "Sasa hiyo hela ikae tu, inatazamwa, siku ishirini na nane?"

Ndiyo, ikae. Na biashara ya dagaa haikai. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na Mwaloni panapoa. Giza likirudi mtaji wote lazima uwe mkononi alfajiri, la sivyo mzigo unachukuliwa na wengine na mwezi mzima umekupita. Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Hakuna namna ya kuzihesabu siku 28 zisiguse giza. Mama angeweza kukopa, na ndugu wa Magu walikuwa tayari kuuza ng'ombe. Ila ingebidi pesa hiyo yote iondoke kabisa mwezi unaofuata kulipa ada, na mwaka wa pili uje na ada nyingine. Tulikaa usiku ule mpaka saa sita. Mdogo wangu ndiye aliyefunga daftari. Akasema, "Mama, acha. Nitaangalia Kampala."

Nasimulia haya kwa sababu watu huuliza "ada ni kiasi gani" wakati swali lenyewe ni pesa itatakiwa ikae wapi, kwa muda gani, na kama biashara inayoiingiza inaweza kuvumilia. Mwenye mshahara na mwenye mtaji wa mwaloni wanaweza kuwa na pesa sawa kwa mwaka, na mmoja tu kati yao akaweza.

Njia ya jirani

Kampala na Kisumu watu wanazisahau wanaposema "nje", na kwa mtu wa Kanda ya Ziwa mimi naziweka mbele kwa digrii ya kwanza. Makerere ipo tangu 1922. Maseno iko karibu na Kisumu, kwenye mstari wa ikweta. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza kuingia, na hakuna akaunti ya kufungwa. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye ofisi Kampala, linashughulikia vyuo vitambuane. Muulize msajili wa chuo moja kwa moja: mwanafunzi wa Jumuiya analipa ada ya mzawa au ya mgeni? Mwambie akuandikie jibu, maana jibu la simu halitakusaidia siku ya kulipa.

Uganda wana kidato cha tano na sita kama sisi, kwa hiyo cheti chako cha kidato cha sita kinaeleweka. Utakipeleka kilinganishwe na baraza lao la mitihani, UNEB. Anza mapema.

Na umbali ni kitu. Bibi yetu alipofariki Magu, mdogo wangu alipanda basi Kampala, akavuka Mutukula, akapita Bukoba, akafika kabla ya mazishi. Miaka michache kabla, babu alipofariki, mimi nilikuwa Ujerumani. Nilishika simu nikiangalia kaburi likifukiwa, picha inakatika, theluji dirishani. Siku hizi safari ya Bukoba ni nyepesi zaidi, kwa sababu daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na hakuna tena kusubiri feri. Anayetaka majini anapanda meli bandarini Mwanza jioni, anaamka Bukoba.

Krediti, mahali nilipoumia mimi

Anayedahiliwa moja kwa moja hana shida hii kabisa. Kozi ni za chuo chake, alama ni za chuo chake. Anayebadilishana anasoma kozi za watu kwa ajili ya digrii ya kwao, na katikati ya hizo mbili kuna karatasi moja ya makubaliano ya masomo. Karatasi hiyo ina safu mbili: kushoto kozi utakazosoma kule, kulia kozi za nyumbani zitakazohesabika kuwa umezisoma.

Yangu ilikuwa na kozi tano kila upande. Nne zilisainiwa na mkuu wa idara. Ya tano, takwimu, mkuu wa idara alisema, "Nenda tu binti yangu, tutaiangalia ukirudi." Nikaenda. Nikasoma takwimu kule kwa bidii, nikafaulu vizuri. Niliporudi, mkuu wa idara alikuwa amebadilika, mpya akafungua mtaala wa kule na kuona saa za mihadhara ni pungufu kuliko za kwetu, akakataa. Nilirudia takwimu mwaka wa tatu, nimekaa darasani na wadogo zangu wa mwaka wa pili, nikisoma kitu nilichokwisha kukifanyia mtihani kwa lugha ya kigeni. Juu ya hapo, matokeo ya Ujerumani yalichelewa kufika, kwenye mfumo wa chuo nikaonekana sina matokeo, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nazunguka ofisi kwa ofisi nikieleza kwamba sijafeli.

Krediti ni namba inayopima uzito wa kozi: Ulaya mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, semesta ni 30. Usilinganishe namba hizo na za kwetu kwa macho. Chapisha maelezo ya kila kozi, ukurasa unaoonyesha mada, saa na namna ya mtihani, uubane nyuma ya fomu, na usiondoke mpaka kila mstari una sahihi na mhuri. "Tutaangalia ukirudi" usikubali, hata aliyesema awe mtu mwema, na wangu alikuwa mtu mwema.

Angalia na kalenda. Semesta ya baridi Ujerumani inaanza Oktoba na mihadhara inaisha mwanzoni mwa Februari, inakaribiana na semesta yetu ya kwanza. Ile ya kiangazi inaanza Aprili, wakati kwetu semesta ya pili imeshakwenda. Ukiwa na uchaguzi, nenda Oktoba.

Kurudi na cheti

Niliporudi sikuwa na cha kuthibitisha kwa mtu. Digrii yangu ni ya hapa, na transkripti inaonyesha semesta moja imesomwa nje. Mdogo wangu alipomaliza alipeleka cheti na transkripti kwa TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, vitambuliwe, kwa sababu mwajiri wa serikali atakuuliza hilo kabla ya swali lolote. TCU wanaangalia chuo kama kinatambulika katika nchi yake, na pia uliingia kwa sifa gani. Ndiyo maana namkataza kila kijana anayeambiwa kuna chuo nje "hakiangalii matokeo". Kama alama zako za kidato cha sita hazikutoshi kuingia digrii hapa, usidhani kuvuka mpaka kunalifuta hilo. Waulize TCU kuhusu chuo chenyewe kabla ya kulipa, na kama unapitia kwa wakala, ulizia pia kama wanamtambua.

Kwa udaktari, uuguzi, ufamasia, uhandisi na sheria, nenda hatua moja zaidi. Fani hizo zina mabaraza na bodi zake za usajili, na mwanasheria ana Shule ya Sheria mbele yake. Nenda kwenye baraza la fani yako ukiwa na jina la chuo na mtaala, kabla ya miaka mitano kupita.

Ningemshauri nani nini

Kijana aliyetoka kidato cha sita na familia yenye mtaji unaozunguka, ningemwambia aingie chuo hapa, apate alama nzuri mwaka wa kwanza, kisha apiganie nafasi ya kubadilishana. Atapata ladha ya nje bila mama kufunga biashara. Akiona fani anayoitaka haipo nyumbani, Kampala au Kisumu kwanza.

Kijana anayetaka udaktari nje kwa sababu amekosa nafasi Bugando, hapo nasita. Arudie kuangalia alama zake na mzazi wake, polepole, kabla ya kuzungumza na wakala yeyote.

Kwa aliyemaliza digrii ya kwanza ninageuka kabisa. Kwa shahada ya uzamili, kuomba moja kwa moja ndiyo njia, kwa sababu ufadhili mkubwa uko huko na unamfuata mtu, haufuati mkataba wa chuo. Kuna Erasmus Mundus, ambayo watu huichanganya na ile Erasmus ya kubadilishana. Hii ni shahada ya uzamili nzima inayosomwa katika vyuo zaidi ya kimoja, unaomba mwenyewe, na anayepata hupewa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24. Kuna Chevening ya Uingereza, inayotaka uzoefu wa kazi wa miaka 2 na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka 2. Kuna DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani. Huko zile siku 28 za benki zinaacha kuwa ukuta, kwa sababu anayeonyesha pesa ni mfadhili.

Kwa yeyote kati ya hao, pasipoti ndiyo ya kuanza nayo. Ya kawaida ni shilingi 150,000, inadumu miaka 10, na ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iko hapa hapa. Hakikisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA ni lilelile, herufi kwa herufi. La mdogo wangu lilikuwa na "h" moja iliyozidi kwenye cheti cha kuzaliwa, na "h" hiyo ilimkalisha wiki sita.